Kibao Kisicho na Duka

Wahenga walituachia usemi kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeufundisha usemi huo darasani kwa miaka mingi, na kila mara niliwataka wanafunzi waandike insha ya kuuthibitisha. Sikumbuki hata siku moja kuwataka waandike ya kuupinga. Leo nimestaafu, na nimejikuta nikiuliza swali ambalo ningepaswa kuwauliza wale watoto: kizuri kilichojificha nyuma ya vilima chajiuza kwa nani? Na mtu anayeamua kukitangaza kwa watu asiowaona na wasiomwona, anawiwa nini nao?

Swali hili halikunijia kutoka vitabuni. Lilinijia kwa njia ya aibu, na aibu yenyewe niliitengeneza mimi kwa kalamu yangu. Naomba msomaji anivumilie nimsimulie ilivyokuwa, kisha tufikiri pamoja.

Nakaa Chamwino, katika wilaya iliyozaliwa mwaka 2007 ilipogawanywa ile iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini. Ni nchi kavu, nchi ya mibuyu na miiba, ya mtama na uwele, ya zabibu na alizeti. Msimu wetu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, na ukitukosa tumekosa. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ana mashine moja ya kukamua alizeti aliyoinunua kwa mkopo. Wakulima hupanda alizeti Desemba na Januari, wakavuna mwezi wa Mei na Juni. Wakati wa mavuno magunia hujaa mpaka barazani, bei ya mbegu hushuka, na mashine hunguruma hadi usiku. Mafuta huingia madumuni, na mashudu huchukuliwa na wafugaji. Lakini ikifika Januari na Februari mbegu zimekwisha, au zilizobaki zimekuwa ghali mno. Hapo mashine hulala. Mkopo haulali.

Mwaka 2023, mwezi wa Mei, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Ikulu mpya hapa Chamwino. Kwa siku nyingi jina la mahali petu lilikuwa katika redio na midomoni mwa watu. Wiki chache baadaye mpwa wangu alinijia jioni, akapiga magoti, akaniamkia, kisha akasema: “Mjomba, sasa nchi nzima inaijua Chamwino. Nataka nifungue tovuti ya mafuta yangu. Kijana wa kuitengeneza nimempata, ila maneno hana. Anasema ukurasa wa mwanzo ndio mlango, ukiwa mbaya watu hawaingii. Nimemwambia mjomba wangu ni mwalimu wa Kiswahili.”

Nani angekataa sifa kama hiyo? Nilivaa miwani, nikaomba chai, nikaandika. Niliandika hivi: “Sisi ni wazalishaji wakubwa wa mafuta bora ya alizeti katika Kanda ya Kati. Kutoka Chamwino Ikulu tunaihudumia Tanzania nzima, wakati wowote na kwa kiasi chochote.” Yule kijana akayaweka maneno yangu juu ya picha ya kiwanda kikubwa chenye matangi yanayong'aa, picha aliyoipata huko huko mtandaoni, ya nchi ambayo hata yeye hakuijua. Alitaka pia kuongeza alama ya ubora ambayo wakati ule tulikuwa bado hatujaipata. Hiyo tuliikataa wote, nami nikajipongeza kwa uaminifu wangu. Hivyo ndivyo dhambi kubwa inavyomdanganya mtu: akishaikataa, hudhani zile ndogo alizokwisha kuzitenda si dhambi.

Ukurasa ulipofunguka katika simu, nilisoma mara tatu. Sikufichi, msomaji: nilifurahi kama mzazi anayesikia mwanawe akisifiwa.

Februari ya mwaka 2024, saa nane mchana, alifika mama mmoja kutoka Morogoro. Alikuwa ameshuka katika basi barabara kuu, akachukua bodaboda, akaelekezwa na watu mpaka uani kwa mpwa wangu. Safari ile ni zaidi ya kilomita 200. Alikuwa na fedha mkobani za madumu 40 ya lita 20, alizochangiwa na wenzake wanaouza chakula, kila mmoja akimkabidhi kidogo alichonacho. Nilikuwapo. Aliisimamia ile mashine moja iliyofunikwa turubai, akatazama huku na huku, akauliza kwa upole: “Kiwanda kiko wapi, baba?”

Mpwa wangu aliinama. Mimi ndiye niliyejibu kwamba kiwanda ndicho hicho. Siku ile tulikuwa na madumu 7.

Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alikaa juu ya kigoda, akanywa maji, akahesabu vidole vyake kana kwamba anahesabu wale wenzake. Alipojua kuwa maneno ya ukurasa ule niliyaandika mimi, na kwamba nilikuwa mwalimu, alisema maneno ambayo sijayasahau: “Mwalimu, ungeandika kwamba mna mashine moja, mimi nisingewadharau. Ningepiga simu kwanza.”

Alichukua madumu 7, akarudi kwao. Usiku ule sikulala vizuri.

Mtu aliyekosa, kabla ya kutubu, hujitetea. Nami nilijitetea usiku kucha. Nilijiambia kwamba sikusema uongo hata neno moja. “Wazalishaji wakubwa”: ukubwa ni wa kulinganisha, na mashine yetu ni kubwa kuliko ya jirani. “Tanzania nzima”: je, hatukuwahi kupakia madumu mawili katika basi la Mwanza? “Chamwino Ikulu”: hilo ni jina halisi la mahali, lasemwa na makondakta kila siku, nami sikulibuni. Lakini nilijua moyoni kwa nini nililichagua. Nililichagua kwa sababu mtu wa mbali akilisoma angedhani mafuta yetu yanaliwa na wakubwa. Nilichukua maneno ya kweli nikayapanga yazae wazo la uongo katika kichwa cha mtu mwingine. Mahakama ingeweza kuniachia. Nafsi yangu haikuniachia, kwa maana ilikuwapo wakati nikichagua.

Kisha nikajitetea kwa namna ya pili: mbona wote wanafanya hivyo? Pita mji wowote wa nchi hii usome vibao. Duka la upana wa hatua nne limeandikwa “Supamaketi”. Mgahawa wa meza mbili unaitwa “Hoteli ya Kimataifa”. Kinyozi mwenye kioo kimoja kilichopasuka anajiita kwa jina la jiji la Ulaya. Je, hawa wote ni waongo? Nani amewahi kuwashitaki? Tunacheka, tunaingia, tunanyolewa.

Hapo ndipo nilipokwama, na nadhani ndipo kiini cha jambo lote kilipo. Kwa nini kibao cha “Supamaketi” hakimdhuru mtu, na ukurasa wangu ulimdhuru yule mama?

Nilifikiri siku kadhaa, na jibu nililolipata ni hili. Kibao kile kimepigiliwa juu ya duka lenyewe. Anayekisoma analiona duka papo hapo, na macho yake yanakisahihisha kibao kabla hajatoa hata senti. Mwenye duka anajua kwamba twaona, nasi twajua kwamba anajua. Kwa hiyo lile neno kubwa si uongo tena, limekuwa utani kati ya majirani, au labda matumaini. Lakini ukurasa wa mtandaoni ni kibao kilichong'olewa kikapelekwa Morogoro, Mbeya na Mwanza, huku duka likibaki Chamwino. Ni kibao kisicho na duka. Anayekisoma hana kitu kingine cha kukisahihisha.

Fikiri jinsi mtu anavyonunua mafuta dukani. Hulitikisa dumu. Hulinyanyua kwenye mwanga aone kama kuna machicha chini. Hufungua kifuniko akanusa. Hutia tone kidoleni akaonja. Humtazama muuzaji usoni, akamwuliza bei, akasikia sauti inavyojibu. Macho, pua, ulimi na masikio, vyote ni mashahidi wake. Mtandaoni tumewafukuza mashahidi wote hao tukabakiza mmoja, nalo ni neno letu sisi wenyewe tunaouza. Mzigo wote uliokuwa umebebwa na watano umemwangukia mmoja. Ndiyo maana neno ambalo dukani ni chumvi tu, mtandaoni huwa sumu.

Jirani yetu hapa Buigiri ipo shule ya watoto wasioona. Mara nyingi nimewaona njiani wakishikana mikono, mwenye uoni kidogo akimwongoza asiyeona kabisa. Nimesikiliza wanavyosemeshana. Anayeongoza hasemi “njia yetu ni bora kuliko zote Kanda ya Kati”. Husema: hapa kuna shimo, sasa inua mguu, kushoto kuna miiba. Kila neno lake ni la kumwezesha mwenzake aamue hatua ifuatayo. Nikajiona jinsi nilivyomshika mkono mama wa watu, nikamwimbia sifa za njia, nikamtumbukiza shimoni.

Ubaya wa uongo wangu, basi, haukuwa tu katika fedha za nauli. Ulikuwa katika kumnyang'anya yule mama uamuzi wake. Yeye ni mtu mzima mwenye akili na hesabu zake. Angejua kwamba tuna mashine moja na kwamba Februari ni mwezi wa njaa ya mbegu, angeweza kuamua kupiga simu, kungoja Juni, kuagiza kidogo, au kwenda kwingine. Zote hizo zilikuwa haki zake. Mimi nilimwamulia bila kumwuliza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na ni vema iwepo. Lakini sheria huja baada ya shauri. Jambo ninalolizungumza hutokea mapema zaidi, wakati mtu ameketi na kalamu na hakuna anayemwona.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja mkasa huu, mzee mwenzangu ambaye hucheza naye bao, alitikisa kichwa kwa ushindi. “Si nilikuambia? Kizuri chajiuza. Mafuta mazuri hayahitaji kompyuta. Fungeni huo ukurasa.”

Ningependa kukubaliana naye, maana ingekuwa njia rahisi ya kutubu. Lakini sikuweza. Usemi ule ulizaliwa mahali ambapo kizuri na mnunuzi wake waliishi pamoja. Mfinyanzi hodari hakuhitaji kutangaza, kwa sababu vyungu vyake vilikuwa jikoni kwa kila jirani. Leo mafuta yako Chamwino, na anayeyahitaji yuko mahali ambapo harufu yake haifiki. Tukinyamaza, hatujawa wanyenyekevu. Tumemwacha anunue kwa mwenye sauti kubwa zaidi, ambaye huenda mafuta yake ni mabaya. Aidha, mkulima aliyetuletea magunia yake anategemea tuyauze. Kunyamaza nako kuna watu wanaokulipia.

Basi nikaona kwamba kati ya kujisifu na kunyamaza ipo njia ya tatu, nayo tumeijua tangu utotoni. Ni kujitambulisha. Ukifika kwa watu hupigi kelele kwamba wewe ni bora kuliko wageni wote, wala husimami kimya nje ya ua mpaka wakugundue. Hubisha hodi, ukasema u nani, umetoka wapi, umeleta nini. Mwenyeji naye hujibu karibu, akakuonyesha pa kukaa. Hakuna anayekuita mwenye majivuno kwa kutaja jina lako. Ukurasa wa mwanzo wa biashara ndogo ni maongezi hayo ya mlangoni, ila mgeni hubisha hodi usiku na mchana nasi tusimsikie. Kwa hiyo jibu letu lazima liwe limekwisha andikwa.

Nimesoma kwamba tovuti ya kwanza kabisa duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee huko CERN, karibu na Geneva, na kufunguliwa kwa watu mwaka 1991, haikuwa na picha wala sifa. Ilieleza kwa maneno ya kawaida kazi yenyewe ni nini, wahusika ni akina nani, na mtu afanye nini akitaka msaada. Nilipojua hivyo nilitabasamu. Ukurasa wa kwanza wa dunia ulikuwa umejitambulisha mlangoni kama mgeni mwenye adabu. Sisi tuliofuata ndio tulioanza kupiga tarumbeta.

Tulikaa tena watatu, mpwa wangu, yule kijana na mimi, tukauvunja ukurasa wetu. Nilidhani kazi yangu ingekuwa kusahihisha maneno mawili matatu. Kumbe kila kitu katika ukurasa ule kilikuwa na swali la maadili ndani yake, hata vile nilivyodhani ni vya ufundi mtupu.

Chukua ile picha ya kiwanda. Tuliitoa kwa sababu haikuwa yetu, hilo lilikuwa wazi. Lakini kijana alinieleza jambo jingine ambalo sikulijua. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kufikia megabaiti 4 au 5, na kila anayefungua ukurasa huilipia kwa bando lake, apende asipende. Ikipunguzwa ikawa kilobaiti 100 hivi, bado yatosha kabisa kwa kioo cha simu. Nikashangaa. Kumbe tulikuwa tukimkaribisha mgeni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tunamchomolea salio mfukoni, ili tu aone matangi yasiyo yetu! Mama anayetafuta bei ya mafuta kwa bando la shilingi mia tano ana haki ya kufungua ukurasa mwepesi. Tuliweka picha moja ndogo ya mashine yetu ilivyo, na turubai lake, na mpwa wangu amesimama kando.

Chukua namba ya simu. Mimi nilikuwa nimeiweka chini kabisa, baada ya aya nne za ufasaha, kwa kuwa nilitaka watu wasome kwanza. Kijana alisema: “Mwalimu, anayekuja hapa hakuja kusoma insha. Ana shida.” Maneno hayo yaliniuma, kisha yakanifundisha. Kumlazimisha mtu mwenye shida apite katika ufasaha wangu ni kumfanya alipie ubatili wangu kwa muda wake. Tuliipandisha namba juu, mahali ambapo kidole gumba hufika, ukiigusa tu simu inapiga. Zile aya nne tulizifuta. Sikulia, lakini nilinyamaza kidogo.

Chukua bei. Wengi huificha ili mteja apige simu kwanza anaswe kwa maneno. Tulibishana. Mpwa wangu alisema bei ya alizeti hupanda na kushuka, tukiiandika itatufunga. Tukakubaliana kuandika bei na tarehe yake, na kueleza kwamba hubadilika kwa msimu. Tuliandika pia miezi ambayo mbegu ni haba. Ndiyo, tuliandika udhaifu wetu katika mlango wetu wenyewe.

Nataka msomaji auone ukurasa ulivyo sasa. Unaanza kwa salamu ya Kigogo, “Mbukwenyi! Karibu.” Mimi nilipinga, nikasema mtu wa Mtwara hataelewa. Mpwa wangu akanijibu: “Hata asipoelewa, mjomba, atajua amefika kwa watu.” Nikashindwa. Kisha unaendelea: “Tunakamua na kuchuja mafuta ya alizeti hapa Chamwino, mkoani Dodoma. Tuna mashine moja. Mei hadi Oktoba tuna mafuta mengi. Januari hadi Aprili huwa machache, tafadhali piga simu kabla ya kusafiri. Leo tuna madumu 11 ya lita 20.” Halafu bei, tarehe, namba ya simu, na maelezo ya kufika kutoka barabara kuu. Basi. Hakuna neno ambalo singeweza kumwambia mteja ana kwa ana, nikimtazama machoni, mashine ikiwa nyuma yangu. Hicho ndicho kipimo tulichokubaliana, na mpaka leo sijapata kingine kilicho bora zaidi.

Lakini kipimo hicho kina gharama ambayo sikuitarajia. Kweli ya mlangoni huchacha. “Leo tuna madumu 11” ilikuwa kweli Jumatatu. Alhamisi yakiwa yamebaki 3, sentensi ile ile, bila mtu kuigusa, imegeuka uongo. Zamani nilidhani mtu husema kweli mara moja akamaliza. Sasa najua kwamba anayeandika neno likabaki limesimama mahali ambapo watu watalisoma asipokuwapo, amejitwika kazi ya kulilinda kila siku, kama mwenye kisima anavyolinda maji yake yasiingiwe na uchafu. Nimejitolea kazi hiyo. Kila jioni mpwa wangu hunitumia idadi, nami naibadilisha kwa simu, kidole kikitetemeka kidogo.

Na je, tumepata faida? Hapa nakuomba msomaji usitarajie hadithi ya mwisho mwema, maana nikiitunga nitakuwa nimerudi kule kule nilikotoka. Miezi mitatu ya kwanza simu zilipungua. Watu wengine waliosoma “tuna mashine moja” bila shaka walikwenda kwa wenye mashine kumi. Mpwa wangu aliniambia siku moja, bila hasira lakini bila kucheka pia: “Mjomba, ukweli wako haulipi mkopo.” Sikuwa na jibu. Ni rahisi kwa mstaafu mwenye pensheni kuwa mkweli kwa biashara ya mwingine. Mwenye kulipa deni ni yeye, na anayesomesha watoto ni yeye. Nilimwambia kwamba ukurasa ni wake, na akitaka kurudisha maneno ya zamani anaweza, ila atafute mwandishi mwingine. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akanitumia idadi ya madumu kama kawaida.

Nimeona tofauti moja, nayo naitaja bila kuikuza. Wanaopiga simu sasa hawaulizi kiwanda kiko wapi. Huuliza: yale madumu 11 bado yapo? Wanapofika, hatuna haja ya kuinama. Kiasi gani cha fedha ni sawa na kutoinama mbele ya mgeni, sijui kulipigia hesabu, wala sidhani kwamba ukweli una haja ya kutulipa ndipo tuudai. Kama tungesema kweli kwa sababu inalipa, siku isipolipa tungeiacha, na ingekuwa imebaki kuwa tangazo jingine tu.

Yule mama wa Morogoro nilimtumia nauli yake ya kwenda na kurudi kwa simu, pamoja na ujumbe wa kumwomba radhi. Alijibu: “Nimepokea, asante mwalimu.” Hakuongeza neno, wala hajarudi kununua. Sikumtumia nauli ili arudi, kwa hiyo sina haki ya kusononeka, ingawa wakati mwingine husononeka.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna mashine ya alizeti wala tovuti. Lakini sote siku hizi tuna kibao kinachotembea mbali na duka: picha zetu, maelezo yetu, majina tunayojiita mbele ya watu ambao hawatatuona kamwe. Mtu wa mbali anakisoma kibao chako usiku wa leo, kwa bando lake, akiamua kama apande basi au asipande. Mimi jioni hii nimekwisha pokea idadi. Ni madumu 4. Ngoja niibadilishe kabla hajaamka mtu kusafiri.